Hari na Hali ya Tanuri

Bwenini, Mbale
Jumapili, 21 Septemba 2025

Shangazi Rashida mpendwa,

Assalaam alaikum. Leo ni tarehe ishirini na moja, na kabla sijaandika lolote naapa: muhula huu nitakueleza kila kitu. Siku uliponisindikiza kutoka Walukuba uliniambia barua isiyo na ukweli ni karatasi ya kufungia karanga. Sitaki barua zangu zifungie karanga.

Mimi ni mzima. Baba alinileta shuleni Jumatatu, akaniachia sukari, sabuni na mawaidha, na mawaidha ndiyo yaliyokuwa mengi. Bibi anakusalimu sana. Goti bado linamuuma akishuka kilima, lakini kahawa imeanza kuiva, na ukimtajia kahawa anasahau goti. Anauliza kama huko Jinja unakula chakula au unakula ule moshi tu. Nilimwambia hakuna moshi, kuna tanuri la umeme na mrija mkubwa wa kioo. Akasema, "Ndiyo huo. Moshi wa kisasa."

Simu bado zimekatazwa hapa, kwa hiyo barua zitapita kwa Mama Beldina wa jikoni. Atampa mumewe, Makokha, na Makokha akipeleka saruji Jinja atasimama mlangoni kwako. Hataki kitu, ila anasema lazima aambiwe habari zilizomo, maana yeye hawezi kubeba mzigo asioujua.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu Gidudu wa kemia alitutaka kila mmoja aeleze kitu kipya alichokiona likizoni. Wenzangu walieleza harusi, na mmoja ng'ombe aliyezaa pacha. Mimi nikasimama nikasema shangazi yangu anatengeneza mirija ya kaboni. Nikaeleza kama ulivyonieleza wewe: kwamba gesi ya kupikia inapitishwa juu ya unga wa chuma ndani ya tanuri, na kaboni iliyomo kwenye gesi inajijenga kuwa mirija, myembamba mno hata ukiipanga elfu kadhaa bega kwa bega haifikii unene wa unywele mmoja. Kwamba inachanganywa kuwa wino, na wino ukipakwa kwenye plastiki unapitisha umeme. Na kwamba iko kampuni Nairobi inayoutaka kwa vibandiko vya makopo ya maziwa, ili kibandiko chenyewe kiseme kama maziwa yalipata joto njiani.

Christine akanyoosha mkono. "Yaani shangazi yako anapika masizi? Mbona sufuria za Mama Beldina zinayo bure!"

Darasa lilicheka mpaka Mwalimu Gidudu akageukia ubao tusimwone uso. Nikajibu kwamba masizi ni matofali yaliyomwagwa ovyo, na mirija ni nyumba iliyojengwa. Wakauliza mimi nilifanya nini huko. Nikasema kweli: siku ya mpiko wa arobaini na moja, wewe ukiwa chumba cha nyuma unahangaika na mtungi wa gesi, na umeme ukipanda na kushuka, mimi ndiye niliyekaa mbele ya tanuri na kujaza kitabu cha tanuri kila robo saa. Nilijivuna, shangazi. Nisamehe.

Je, Nairobi wamejibu kuhusu mpiko ule? Ulisema haujapata kutoka mzuri kama huo. Na kama inawezekana, naomba tone la wino kwa mradi wangu wa shule.

Mwanao,
Nusifa


Walukuba, Jinja
5 Oktoba 2025

Nusifa, binti wa kaka yangu,

Waalaikum salaam. Barua yako imefika ikinuka saruji. Hari yangu ni nzuri, ni uchovu tu. Mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana. Mwambie Bibi ninakula, na asishuke kilima peke yake.

Nairobi wamejibu. Wameupenda mpiko wa arobaini na moja. Wanataka lita ishirini za wino uleule, uleule kabisa, na wanasubiri mpaka tarehe kumi na mbili Desemba. Bwana Wangila, mkubwa wangu kazini, ana msemo wake, ulimsikia: mteja hanunui uzuri wa siku moja, ananunua kufanana.

Wino wa shule sitaweza kwa sasa.

Sasa nisikilize. Wewe hukuingia chumba cha tanuri. Ulikuja kunisalimia, ukakaa nje kwenye benchi, ukala mahindi. Mgeni haruhusiwi kuvuka ule mstari wa njano, na Bwana Wangila siku hiyo alikuwa safarini Kenya. Hao uliowaambia darasani waache wasahau.

Kitu kidogo tu. Siku ile, kuna namba yoyote unayoikumbuka? Kama hakuna, si neno.

Siku ya kutembelewa nitakuja mwenyewe, inshallah, na chapati. Soma.

Shangazi yako,
Rashida


Bwenini, Mbale
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Shangazi mpendwa,

Assalaam alaikum. Pole kwa paa. Hapa mvua inanyesha kila saa tisa kama imepigiwa kengele, na mlima wa Wanale hatuuoni tena mpaka asubuhi. Bibi amevuna kapu la kwanza la kahawa. Shamba la shule nalo limeiva, na kila Ijumaa tunachuma badala ya michezo.

Nilifurahi kuhusu Nairobi. Nilifurahi kwa siku nne, mpaka Alhamisi.

Alhamisi Madam Nandutu wa Kiswahili aliandika ubaoni maneno mawili, HALI na HARI. Akasema sisi watu wa huku tunachanganya r na l kama maharage na mahindi chunguni, kisha tunashangaa mgeni akikosa kutuelewa. Akaniita mimi kwa sababu muhula uliopita nilikuwa wa kwanza.

"Nusifa, hari ni nini?"

"Ni hali, Madam. Imeandikwa vibaya."

"Kaa chini, profesa," akasema, na hata Christine hakucheka, maana hakuna aliyejua jibu. Madam akaeleza kwamba hari ni joto, fukuto. Vitabuni siku hizi wanaandika halijoto, lakini watu wanaofanya kazi na moto wana neno lao fupi, na wanajua wanachosema.

Tangu siku hiyo sili vizuri. Labda ni malaria. Nesi amesema si malaria.

Namba sikumbuki, shangazi. Tarakimu za kipimo zilikuwa zinarukaruka kwa sababu ya umeme. Lakini kwa nini uniulize mimi? Si zimo kitabuni? Nani husoma kile kitabu? Na vichwa vya zile safu, SAA, GESI na HARI, nani alivichora, wewe au Bwana Wangila?

Niliapa kukueleza kila kitu. Siku ya kutembelewa ni Jumamosi tarehe ishirini na tano. Tutakaa ukumbini upande wa nyuma, ambako hakuna watu, na nitakueleza.

Mwanao,
Nusifa


Bwenini, Mbale
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Shangazi,

Assalaam alaikum. Hukujibu barua yangu, na jana hukuja.

Nilikaa ukumbini tangu saa tatu. Baba alikuja akala, akaulizia alama zangu, akaondoka kuwahi mazishi. Bibi alituma ndizi. Saa nane nikaenda jikoni kumuuliza Mama Beldina kama Makokha ameleta barua. Nilimkuta Makokha mwenyewe ameketi juu ya gunia la unga wa posho, anakunywa chai. Aliponiona akaweka kikombe chini.

"Daktari wa masizi," akasema, lakini bila ule mzaha wake. "Hujambo?"

"Sijambo, mjomba. Shangazi yuko wapi?"

"Shangazi yako yuko. Ana kazi."

"Kazi gani, siku ya Jumamosi?"

Mama Beldina akampiga begani na kitambaa cha vyombo. "Makokha, mwambie mtoto. Si umeniambia mimi tangu asubuhi, hata ugali umeungua?"

"Wewe mwanamke, mtu akikuambia kitu ni kama amemwambia mwadhini."

"Mwambie, ama nitamwambia mimi vibaya."

Basi akaniambia. Kwamba Bwana Wangila amekutoa kwenye tanuri na sasa unaosha chupa. Kwamba amejaribu mwenyewe mipiko mitano na hakuna hata mmoja uliofanana na ule wa arobaini na moja, kwa sababu siku ile tanuri halikufuata namba iliyowekwa. Umeme ulilipeleka ulikotaka, na hakuna ajuaye lilifika wapi. Kwamba alifungua kitabu kutafuta vipimo, akakuta ukurasa hauna namba. Anaamini umeficha vipimo ili uviuze mahali pengine. Makokha alikuwa mlangoni kazini kwako anakuletea barua yangu, akamsikia kwa masikio yake akikuuliza mbele ya watu wote: "Rashida, tangu lini unaandika kwa kalamu nyekundu?" Na wewe ukajibu, "Tangu siku hiyo."

Shangazi, nilitoka nje nikasimama kwenye mvua.

Sasa nakueleza kila kitu, na safari hii ni kila kitu kweli. Ulinikabidhi kitabu, ukaniambia kila robo saa niandike. Nikaona safu ya tatu imeandikwa HARI. Ninajua jinsi unavyoandika. Kwenye barua zako unaandika "hari yangu ni nzuri", na huko nyumbani sote tunasema hivyohivyo. Nikawaza, maskini shangazi yangu, wakubwa wataona kosa hili. Nikatoa kalamu yangu nyekundu, nikaikata ile R, nikaandika L juu yake, nadhifu, kama Madam Nandutu anavyotusahihisha. Kisha kwa saa moja na nusu nikajaza hali ya tanuri. Nzuri. Nzuri. Imetulia. Nzuri sana. Imetulia. Nzuri.

Wewe ukaniita kutoka chumba cha nyuma, "Hari?" Mimi nikajibu, "Nzuri, shangazi!"

Sikujua kwamba neno lako lilikuwa sahihi, na kwamba aliyekosea ni mimi niliyesahihisha.

Kuna kitu kimoja nimekipata kitandani, nikijilazimisha kukumbuka. Namba sina. Lakini pale mwisho wa tanuri kuna kile kidirisha kidogo, na wewe ulikuwa umeshusha pazia, chumba kilikuwa na giza. Sikuwa na kazi nyingine ila kukitazama. Ndani palikuwa na rangi nyekundu, na niliwaza: kahawa ya Bibi. Si ile iliyopitiliza ikawa ya zambarau, wala si ile inayoanza kuiva yenye manjano ubavuni. Ni ile yenyewe, ya siku ya kuchumwa. Mwalimu Gidudu anasema chuma kikipata moto rangi yake inasema joto lake, na wahunzi walijua hivyo kabla ya vipimo. Anasema ni kinyume cha kahawa: joto likizidi, wekundu unarudi nyuma kuelekea manjano.

Nimechuma punje kumi kutoka shamba la shule, nimezichagua moja moja mpaka nikapata rangi ile. Zimo kwenye kopo nililompa Makokha. Mpe Bwana Wangila aziweke karibu na kidirisha, apandishe tanuri polepole mpaka zifanane.

Nisamehe, shangazi. Kwa nini hukuniambia?

Nusifa


Walukuba, Jinja
9 Novemba 2025

Nusifa,

Waalaikum salaam. Hali yangu ni nzuri. Nimeiandika kwa L, usije ukatoa kalamu.

Bibi ameniletea salamu kwa jirani aliyekuja Buwenge sokoni: goti limevimba na hataki hospitali. Mwambie baba yako asimsikilize. Paa nimeliziba.

Lori la Makokha lilivunjika ekseli karibu na Iganga, likalala huko siku tisa. Barua yako na kopo vimenifikia juzi. Nimefungua kopo mbele ya dirisha. Punje zako kumi ni nyeusi, mwanangu, nyeusi na zina ukungu. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Kisha sikucheka tena.

Umeuliza kwa nini sikukuambia. Ulieleza yako, nami nitaeleza yangu, mara moja tu.

Kila ukurasa wa kitabu kile una mahali pa sahihi. Anayesimamia tanuri anasoma ukurasa, anahakikisha, anatia sahihi. Siku ile nilisikia umesema "nzuri", nikadhani umetazama namba ukaona ziko sawa. Maghrib ilikuwa imeingia, nilikuwa sijaswali, gesi ilikuwa imenisumbua mchana kutwa. Nikatia sahihi bila kusoma. Hata mstari mmoja sikusoma. Kwa hiyo ile L nyekundu ni yako, lakini ukurasa ni wangu. Mimi ndiye niliyekuvusha mstari wa njano. Miaka minne nimekaa mbele ya tanuri lile. Nilianza kwa kufagia, na Bwana Wangila alinifundisha mwenyewe, mimi niliyeishia darasa la saba, kwa sababu aliona sikosei. Nikimwambia nilitia sahihi kwa macho yaliyofumbwa, ataniona ni mzembe. Afadhali anione ni mwizi. Mwizi angalau anajua kazi.

Najua hilo si neno la mtu mwenye akili. Ndiyo maana sikuja siku ya kutembelewa. Ungeniuliza usoni nami ningekudanganya, na chapati mkononi.

Kuhusu rangi. Uliyoyasema si ya kitoto. Zamani, kipimo kilipoharibika, Bwana Wangila alikuwa akitazama kidirisha na kukisia, na hakukosea sana. Kwa rangi unaweza kujua mtaa, hata kama hujui nyumba. Baada ya hapo ni mipiko mitatu, minne, kubisha mlango mmoja mmoja. Lakini rangi haifungwi kwenye kopo. Iko machoni mwako tu, na wewe uko Mbale, na hapa wewe ni mtu aliyekaa nje akala mahindi.

Wacha iwe hivyo. Chupa zinaosheka. Usimwambie baba yako, na usiandike tena kuhusu jambo hili. Mitihani yako inakuja.

Rashida


Bwenini, Mbale
Jumapili, 16 Novemba 2025

Shangazi Rashida,

Assalaam alaikum. Baba alimpeleka Bibi hospitali Jumanne. Ni maji tu yaliyojaa gotini. Wameyatoa, na jioni ileile aliuliza nani ameanika kahawa yake. Mitihani inaanza kesho, na nimejiandaa vizuri. Wino wa mradi usijali, nimefanya mradi mwingine, na nitakueleza ni upi.

Umeniambia nisiandike tena kuhusu jambo hili. Hii ni mara yangu ya kwanza kukukaidi, na ninakukaidi kwa adabu zote.

Nilikuwa ninafikiri kosa ni langu peke yangu. Nilipofikiri hivyo nilikuwa na huzuni, lakini pia, Mungu anisamehe, nilikuwa na fahari kidogo, kama mtu aliyebeba gunia peke yake. Kumbe tulilibeba wawili, kila mmoja akimficha mwenzake, na gunia halikusogea hata hatua moja. Wewe ulinificha ili nisiadhibiwe. Mimi nilikuficha wiki mbili nzima kwa kisingizio cha malaria. Bwana Wangila naye amefichwa na sote, sasa anaendesha tanuri hilo kwa kubahatisha na kukuona mwizi. Yeye hana kosa. Alipoona ukurasa ule, ungekuwa wewe ungewaza nini?

Sasa mradi wangu. Mwalimu Gidudu aliniruhusu kutumia tanuri dogo la maabara, lile la kuchomea udongo wa ufinyanzi, ambalo kipimo chake kinafanya kazi. Tuliweka msumari ndani tukafunga mapazia. Yeye aliketi upande wa kipimo, mimi upande wa tundu, tukakubaliana asiniambie namba. Nikawa natazama. Ilipofika rangi ile nikasema, "Hapa." Tukaacha lipoe, tukarudia siku ya pili, na ya tatu. Mara zote tatu aliandika bila kunionyesha. Mwisho alinionyesha: nyuzi mia nane na kumi na tano, mia saba na tisini na tano, mia nane na ishirini. Akasema, "Nusifa, jicho lako lina kumbukumbu kuliko kichwa changu." Kisha akasema nisijivune bado, kwa sababu tundu letu si kidirisha chenu na kioo chenu kinaweza kubadili rangi, na kwamba msumari si mrija. Ninajua. Kwa hiyo sisemi nimepata namba. Nasema nimepata mtaa, na lazima nije nitazame kwenye kidirisha chenyewe.

Namba hizo tatu nimeziandika kwa kalamu ya bluu.

Shule inafungwa Ijumaa tarehe tano Desemba. Nairobi wanasubiri mpaka tarehe kumi na mbili. Katikati kuna wiki moja. Nimemwandikia Baba nimeomba niende Jinja moja kwa moja, nikasema shangazi ananihitaji. Hilo si uongo, hata kama wewe hujalisema.

Lakini sitaki kuja kukaa kwenye benchi na mahindi. Kwa hiyo nimemwandikia Bwana Wangila. Barua yake imo ndani ya hii, na bahasha yake sikuifunga, maana ukweli huu ni wako nusu na sina haki ya kuupitisha juu ya kichwa chako. Utaisoma. Ni fupi. Inasema hivi: "Mheshimiwa Bwana Wangila, kalamu nyekundu ni mimi. Naitwa Nusifa, ni mtoto wa kaka yake Rashida. Nilivuka mstari wa njano, nikasahihisha neno lililokuwa sahihi, na nikajaza kitabu chako sifa badala ya vipimo. Shangazi yangu hakuficha namba, hazikuwahi kuandikwa. Ninaikumbuka rangi. Niko tayari kusimama nyuma ya mstari wa njano, bila kugusa kitu, na kusema 'hapa' rangi ikifika. Kutoka mstari hadi kidirisha ni hatua nne. Nilizihesabu siku ile, na ninaona vizuri." Basi.

Kuhusu sahihi yako sikuandika neno. Hilo ni lako kumwambia, au kutomwambia. Lakini nafikiri mtu aliyekufundisha kwa mkono wake, miaka minne, angependa zaidi kusikia kwamba ulichoka siku moja kuliko kuamini kwamba humpendi tena wala kazi yake huipendi. Ni mawazo yangu tu. Nina miaka kumi na sita na nimekwisha kusahihisha watu vibaya mara moja.

Makokha anasema ekseli ni mpya na atakuwa Walukuba Jumatano. Nimemwambia habari zote zilizomo, kama anavyotaka. Ameapa atazima injini mlangoni kwako na hatoondoka bila karatasi yenye jibu, hata saruji ikimgandia garini. Mama Beldina amesema akirudi mikono mitupu atakula masizi.

Kwa hiyo usiandike habari za paa, wala za mvua. Niandikie neno moja tu, shangazi, na Makokha alilete siku hiyohiyo: barua ya Bwana Wangila utampa, au utaniacha nje kwenye benchi?

Mwanao,
Nusifa